Maji Yaliyokula Chuma, Maji Yaliyokawiza Maharagwe

Nilipitisha kidole gumba ndani ya bomba la chuma. Sikuwa na nguvu za ajabu wala hasira. Nilikuwa nimelishika tu nifute matope, nione kiungo kiko wapi, na kidole kikazama kama kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Bomba hilo lilikuwa na mwaka mmoja na nusu ardhini. Waliolinunua walikuwa wamenihakikishia kwamba litatuzika sote. Chini ya pale niliposimama, kwenye kituo cha afya cha kambi, mkunga alikuwa mlangoni na beseni tupu, na nyuma yake wanawake wawili walikuwa katika uchungu wa kuzaa.

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike jinsi mafundi wa maji tulivyofanya kazi Masisi na Walikale miaka ya vita. Mengi yako kwenye ripoti. Hili haliko, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika ripoti.

Kazi nilijifunzia upande wa Pinga, kwa Papa Kasereka. Alikuwa Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa kuamka na rozari. Ndugu zake walikuwa wafanyabiashara. Yeye alipenda mabomba kuliko duka. Siku yangu ya kwanza nilifika na daftari, kalamu mbili na viatu vipya. Alitazama viatu, akanipeleka moja kwa moja kwenye chemchemi na kuniingiza majini mpaka magotini.

"Tazama," akasema. "Unaona nini?"

Nikasema naona maji safi.

"Tazama tena."

Kulikuwa na mapovu madogo, kama shanga, yakipanda kutoka mchangani. Nikasema maji yana hewa.

"Mutoto yangu, maji hii inacheka. Maji yenye kucheka iko na meno."

Hiyo ndiyo kemia niliyofundishwa, na sijapata kuona iliyo bora. Milima yetu ina moto chini yake. Hewa inayotoka huko huingia ndani ya maji na kuyafanya machachu. Ukinywa, ulimi unasisimka kidogo tu, na wengi hupenda. Lakini chuma hakipendi. Papa Kasereka alikuwa na kipimo chake: chupa ya maji ya chemchemi, msumari mpya ndani, kizibo, wiki mbili. Msumari ukitoka mwekundu na maji yakiwa kama chai, usizike chuma hapo. Hakuwahi kuniambia zaidi ya hayo kuhusu uchachu, wala sikuwahi kuona kipimo chake kikikosea.

Alinifundisha pia kupima kasi ya maji bila saa. Saa zake tatu zilichukuliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu watatu wenye bunduki tofauti, akakataa kununua ya nne. Badala yake alikinga bidoni ya lita ishirini chini ya bomba na kusali Salamu Maria kwa sauti, bila haraka na bila kujivuta. Ikijaa kwa sala mbili, maji yanatosha. Ikijaa kwa sala nne, kuna mahali pameziba. "Sala hakuna mwenye kuinyanganya ku bariere," aliniambia. Nilijaribu kumkosoa kwa kuazima saa ya mwalimu mmoja. Sala yake haikupishana na saa hata kwa sekunde mbili. Nami nikaizoea, ingawa kwenye ripoti niliandika sekunde.

Miaka kadhaa baadaye shirika moja lilinichukua kusimamia maji ya kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa mlimani, mwendo wa saa chache kutoka Lushebere. Watu walikuwa wametoka Muheto na vijiji vingine, wakulima wa maharagwe na mihogo ambao sasa walikuwa na jembe bila shamba. Nilipofika, mabomba yalikuwa yameshanunuliwa. Ya chuma. Niliuliza kwa nini si ya plastiki. Nikajibiwa na kijana mmoja wa ofisini kwamba plastiki watu huikata kwa panga njiani ili wateke. Ni kweli, hukatwa. Nikampelekea chupa yangu yenye msumari, maji yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi.

Aliiinua kwenye mwanga. "Fundi, umetia nini humu?"

"Msumari."

"Basi toa msumari, maji yatakuwa safi."

Aliandika kwamba chemchemi ina maji mazuri. Tukazika chuma. Mwaka na nusu baadaye nikapitisha kidole.

Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Tulikuwa na mabomba kumi na moja ya akiba. Nikabadilisha yaliyooza kabisa na maji yakarudi kwa mkunga siku ile ile kabla ya jua kuzama. Lakini hesabu ilikuwa rahisi kwa yeyote: maji yale yale yakiendelea kupita, kumi na moja hayo nayo yataliwa, na baada ya hapo wanawake watazaa kwa maji ya kubebwa kichwani kutoka bondeni, mahali ambapo wiki hiyo tu kipindupindu kilikuwa kimetajwa. Nikampigia Papa Kasereka. Alikuwa amezeeka, lakini alikuja kwa pikipiki kutoka Pinga, siku mbili njiani, akiwa amefunga kiuno kwa kitambaa kama mama aliyejifungua.

Hakusema "nilikuambia." Aliomba apelekwe kwenye chemchemi.

Dawa yake ilikuwa tangi la mawe ya chokaa. Maji machachu yanaingia chini, yanapanda taratibu katikati ya kokoto za chokaa, yanakula mawe hayo badala ya kula mabomba, yanatokea juu yakiwa yameshiba. Tulipata kokoto zilizobaki za ujenzi mmoja uliosimama kwa sababu ya vita, tukazivunja, tukazipanga: kubwa kama ngumi chini, ndogo kama maharagwe juu. Pembeni tuliacha bomba dogo lenye vane, yaani vali ya kufungua na kubana maji, linalopitisha maji ya chemchemi bila kugusa mawe, ili tuweze kulisafisha tangi bila kumkatia mkunga maji.

Kulirekebisha tangi kama hilo ni kazi inayowashinda wasio na subira, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukifungua vane kuu sana, maji yanapita mbio na kutoka na meno yake yote. Ukibana sana, yanalala humo, yanabeba chokaa nyingi na kuwa magumu, sabuni haitoi povu, na chokaa inaganda kwenye robine za kukingia maji. Kila unapogusa vane, ungoje mpaka kesho ndipo upime. Ukigusa mara mbili kwa siku moja, hujui tena ni mguso upi uliofanya nini. Halafu kuna hewa: yale mapovu yanakusanyika chini ya kifuniko na kuyasukuma maji upande mmoja, kwa hiyo kila asubuhi lazima ufungue tundu la juu mpaka likome kupuliza. Nilitumia siku kumi na tisa, karatasi za kupimia uchachu zikibaki chache, hadi rangi ikakaa katikati. Vane ilikuwa robo moja ya mzunguko zaidi ya pale nilipokuwa siku ya pili.

Mlinzi wa tangi aliitwa Papa Bauma, mkulima wa Masisi, mtu mtaratibu aliyefagia hata majani ambayo hayajaanguka. Kwa kuwa nilikuwa na vituo vingine vitatu vya kuzungukia, nilimwachia kazi ya kulinda kasi ya maji. Nikamwonyesha: bidoni chini, sala mbili, vane. Ikiwahi, bana kidogo. Ikichelewa, fungua kidogo. Akarudia maneno yangu yote. Nikaondoka nimeridhika.

Niliporudi baada ya wiki tatu, karatasi ilionyesha uchachu wa zamani. Vane ya pembeni ilikuwa wazi mizunguko miwili. Maji ya chemchemi yalikuwa yanateremka moja kwa moja kwenye mabomba yangu kumi na moja.

"Papa Bauma, nani alifungua hii?"

"Papa Fontenie," akasema, akiniita kwa jina la kazi yangu ya maji, "miye sikufungua."

"Sikuuliza kama ni wewe. Nimeuliza nani."

Alitazama majani yake. Nikaifunga. Wiki iliyofuata ilikuwa wazi tena. Nikaifunga kwa mnyororo na kufuli. Nikaikuta wazi, mnyororo umefungwa vizuri tu, ila shina la vane limezungushwa kwa koleo. Nilitoa mkono wa vane na kuondoka nao mfukoni. Wakafungua kwa kipande cha chuma. Nilibandika tangazo la kuonya, na mvua ikalichukua. Nilikwenda kwa kamati ya kambi nikaeleza habari za chuma na meno ya maji kwa saa nzima. Walinisikiliza kwa heshima, wakanishukuru, wakauliza kama kuna sabuni. Siku tatu baadaye niliikuta vane wazi, nikaifunga tena.

Hapo nilimtukana Papa Bauma. Nilimwambia kwamba mbwa angelinda vizuri zaidi, kwa kuwa mbwa angalau hubweka. Nilimwambia mbele ya watu. Aliweka ufagio wake ukutani, akauegemeza vizuri usianguke, akaenda zake. Ninaandika hili kwa kuwa mliniomba kazi zote ngumu, na hii ndiyo niliyoifanya vibaya kuliko zote.

Kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu na tangi, ninapima, alipokuja Mama Noela. Alikuwa mjane wa Muheto na msemaji wa wanawake wa kambi, mwanamke mfupi ambaye wanaume wa kamati walimpisha njia. Nyuma yake wanawake kama kumi. Alibeba sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, akaiweka mbele yangu.

"Papa, kula."

Nikamwambia nimeshakula.

"Papa, sikukuuliza kama umekula. Kula."

Yalikuwa maharagwe. Niliweka kijiko kimoja mdomoni na kutafuna, nikasikia sauti ndani ya kichwa changu. Nyuma yake mtu alicheka.

"Nilitia ku moto asubui, wakati ukungu iko chini," Mama Noela akasema. "Sasa jua iko wapi?"

Jua lilikuwa juu ya kichwa.

Alichukua haragwe moja kwa vidole viwili akalirusha kwenye bati la tangi. Likalia *ti*, likaruka. "Sikia. Iko maharagi ao iko mawe? Weye ulitia mawe mu maji, na sasa mawe iko mu sufuria."

"Mama, haya maji ni mazuri. Mabomba..."

"Tunajua yulu ya tiyo, ile mabomba yako. Ulituambia saa nzima." Wanawake wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Sasa miye nikuambie yulu ya kuni. Mbele, kitita kimoja kilikuwa kinaivisha maharagi siku mbili. Sasa kitita inaisha siku moja na maharagi haiive. Kuni iko wapi? Iko mu pori. Mu pori kuko nani? Unajua kuko nani. Mbele tulikuwa tunaenda mara mbili mu juma. Sasa tunaenda kila siku. Juma iliyopita bamama banne balienda, batatu njo balirudia."

Hakuna aliyecheka.

"Weye unapimaka maji na kakaratasi," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Sisi tunapimaka na kuni."

Nilimuuliza ni nani aliyekuwa anafungua vane. Akafunika sufuria yake kwa jani, akaniambia kwamba yeye ni mama wa kambi, hana habari za vane, na kwamba Papa Bauma binti yake ndiye yule ambaye hakurudi.

Nilikwenda kumtafuta Papa Bauma. Alikuwa anapalilia kibustani cha jirani. Nilimwomba radhi, nikarudia maneno yote niliyomwambia nikayaita ya kijinga, mbele ya watu wale wale. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Papa," akasema. "Maji, nani anachunga sasa?" Nikasema hakuna mtu. Akachukua ufagio.

Papa Kasereka alikuwa bado kambini, mgongo ukimzuia kupanda pikipiki. Nilipomweleza, aliniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi wiki nyingi nyuma: kwa nini maji yalikuwa magumu kiasi hicho? Tulikuwa tumeliacha tangi karatasi ikionyesha katikati. Maji yanapaswa kukawiza maharagwe kidogo, siyo kuyageuza kokoto.

Tulikwenda kwenye tangi. Akamwomba Papa Bauma apime kasi kama nilivyomfundisha. Papa Bauma aliweka bidoni, akavua kofia, akafumba macho, akaanza: Baba Yetu uliye mbinguni. Aliisali yote, kwa uchaji, mpaka amina, akapumua, akaanza ya pili. Bidoni ilijaa ilipofika amina ya pili, sawasawa kabisa kama nilivyoagiza.

"Kaka," Papa Kasereka akasema polepole, "hii haiko Salamu Maria."

"Papa, miye niko Muprotestanti. Ile sala ya Maria haiko ya kwetu. Fontenie alisema sala mbili. Nilichagua yenye Bwana mwenyewe alifundisha."

Papa Kasereka alicheka mpaka akashika mgongo. Mimi sikuweza. Baba Yetu kwa mwendo wa Papa Bauma ilikuwa karibu mara mbili ya Salamu Maria. Kila siku, kwa uaminifu mkubwa, alikuwa ameibana vane mpaka maji yalale kwenye chokaa muda maradufu. Nilikuwa nimemwachia kipimo cha dini yangu bila kumuuliza dini yake, na katika nchi ambapo kila kilima kina makanisa mawili, hilo si jambo la kusahau. Yeye alifanya kazi yake. Wanawake nao, ambao hawakuwa na karatasi wala sala ya kupimia, walikuwa wameona kosa kabla yetu na kulisahihisha kwa njia pekee waliyoiona.

Tulianza upya. Safari hii nilimpa Papa Bauma kijiti chenye mkato, apime kimo cha maji kwenye mfereji wa kutokea. Kijiti hakina kanisa. Kisha nikamwomba Mama Noela sufuria mbili zinazolingana, maharagwe ya gunia moja, na vitita viwili vya kuni nilivyovipima mwenyewe kwa kamba. Tulikuwa tunafungua vane ya pembeni kidogo, tunachanganya maji ya mawe na maji ya chemchemi, tunangoja siku, tunapika. Karatasi upande mmoja, sufuria upande mwingine. Mama Noela alionja kila sufuria na kutoa hukumu bila huruma. Siku ya tatu alisema "bado." Siku ya tano alisema "hii mutu mwenye meno anaweza." Siku ya nane alichukua haragwe moja, akalibana kwa ulimi kwenye kaakaa, akamkabidhi mwenzake kijiko. Theluthi moja ya maji ya pembeni. Karatasi ilionyesha uchachu kidogo, zaidi ya ule nilioutaka. Msumari kwenye chupa ulipata madoadoa, haukuwa mwekundu.

Papa Kasereka aliuangalia msumari muda mrefu. "Tiyo itaishi miaka kumi, haitaishi makumi mawili," akasema. "Na bamama?"

Nilitia rangi nyekundu kwenye shina la vane kuonyesha mahali pake. Haikuguswa tena. Idadi ya safari za msituni ilirudi kama zamani, ingawa mara mbili kwa juma bado ni mara mbili. Binti wa Papa Bauma hakupatikana. Papa Kasereka alirudi Pinga na kufia huko, kitandani mwake, jambo ambalo miaka ile halikuwa dogo.

Mlioniuliza ushauri, nina mmoja unaohusu zana. Kabla ya kugusa vane yoyote, nenda ukae jikoni mwa watu watakaotumia maji hayo, ungoje chakula kiive, na uulize kuni zimetoka wapi. Hakuna ofisi itakayokulipa muda huo. Ungoje hivyo hivyo.

Lililobaki ni hili. Wakati vane ilipokuwa ikifunguliwa na kufungwa, maji machachu yalipita kwa wiki nyingi kwenye mabomba yote mpaka kwa mkunga. Baadaye nilifukua karibu yote na kuyakagua kwa kuyagonga kwa nyundo, na manne nikayabadilisha. Lakini kuna kipande cha mita arobaini kwenye tuta lililo juu ya kituo cha afya. Kabla sijafika hapo, watu wenye silaha walichimba mahandaki juu yake, na walipoondoka waliacha ardhini vitu vya kulipuka ambavyo hakuna aliyekuja kuvitegua. Tangu siku ile hakuna jembe lililoingia pale. Nilistaafu bila kukigonga. Juzi mkunga aliniambia kwa simu kwamba maji bado yanafika, na kwamba siku nyingine, asubuhi, beseni la kwanza linatoka jekundu.